Mate ya Langoni

Asubuhi hiyo tulikuwa tukisaga shayiri, mimi na Mama Hogla, kama tulivyofanya kila alfajiri tangu nifike Netofa. Mimi hupiga magoti na kusukuma jiwe. Yeye hukaa mbele yangu, akimwaga punje kwa mkono mmoja na kukusanya unga kwa mwingine, na mdomo wake haupumziki. Mama Hogla ni wa wale waliobaki. Wakaldayo walipowaswaga wazee wetu kwenda Babeli, yeye alikuwa kitoto kilichofichwa kwenye pipa la zabibu, kwa hiyo sisi tuliorudi anatucheka sana. Anasema tunaongea kama watu waliomeza mfereji.

"Na wewe ndiyo kabisa," aliniambia. "Huo mfereji wenyewe hautoki. Marehemu mumeo alikuwa anaongea na nani humo ndani?"

Kabla sijatabasamu, kivuli kilianguka juu ya unga. Nikaona miguu kabla sijamwona mtu, na miguu hiyo ilikuwa imevaa makubadhi ya mume wangu.

Alikuwa Besodya, shemeji yangu. Nyuma yake walisimama Mzee Malkiya, mkubwa wa wazee wa mji, na mzee mwingine, wote wawili wakihema kwa kupanda kilima.

"Hujambo, shemeji," alisema Besodya. "Acha jiwe kidogo. Nimekuja tulimalize lile jambo letu."

Lile jambo mji mzima ulilijua. Mume wangu, Asaya, alifia njiani tukitoka Babeli, na hakuniachia mtoto. Kwa watu wetu, ndugu wa marehemu humchukua mjane, na mtoto wa kwanza huitwa kwa jina la marehemu na kurithi kiwanja chake, ili jina lisifutike. Ndugu akikataa, mjane humvua kiatu mbele ya wazee na kumtemea mate usoni. Tangu siku hiyo nyumba yake huitwa Nyumba ya Aliyevuliwa Kiatu, na jina hilo halioshwi na mvua wala sabuni. Besodya alikuwa amemtupia jicho binti wa mwenye mizabibu ng'ambo ya bonde, na mimi sikuwamo katika hesabu zake.

"Sitaki kukuchosha," aliendelea, akaketi juu ya gogo langu na kuninyooshea mguu wa kulia. "Vua, tema kidogo hapo chini, wazee wameshaona, basi. Wewe huru, mimi huru. Hata majirani hawajaamka."

"Mimi nimeamka," alisema Mama Hogla.

Mimi nilikuwa nayatazama makubadhi. Asaya aliyashona mwenyewe kando ya mfereji wa Kebari, tulipopewa ruhusa ya kurudi nchi ya wazee wetu. Kamba ya kulia ilikatika siku ya kwanza ya safari, na mimi ndiye niliyeiunga. Fundo langu lilikuwa bado pale, jeusi kwa jasho la mtu mwingine.

Nyikani Asaya alishikwa na homa. Wanawake tulitangulizwa mbele na watoto, yeye akabaki nyuma na nduguye pamoja na mbuzi. Jioni Besodya alifika na mbuzi wote, analia, akasema ndugu yake amekata roho na amemfunika kwa mawe. Kiriba cha maji cha Asaya kilikuwa begani mwake na makubadhi ya Asaya miguuni. Alisema ni kufuru kuviacha vitu vizuri jangwani. Nililia pamoja naye. Niliegemea hata bega lake.

Kisha msafara wa wachuuzi wa chumvi ukatukuta kwa nyuma. Nilikwenda kubadilishana nao jibini, na mmoja wao, mtu wa makamo mwenye jicho moja, akaniambia walimkuta mtu chini ya mwamba, yu hai, hana viatu wala maji. Walimnywesha, lakini walikuwa wamechelewa. Alikufa jua likizama.

"Alikuwa akirudia neno moja tu," alisema. "Yekolia, Yekolia. Kwenu ni jina la mtu au la mungu?"

Yekolia ni mimi. Nilisimama pale na chumvi mkononi hadi ngamia wao wakatoweka. Nilipopata sauti hapakuwa na wa kuniunga mkono, na kwetu shahidi mmoja hamtii mtu hatiani, sembuse mwanamke. Basi nikanyamaza, nikaingia nalo Netofa kama mtu anayetembea na kaa la moto mdomoni. Sheria ilikuwa imeniachia kitu kimoja tu cha kumfanyia Besodya, nacho kilikuwa mate. Na sasa alitaka niyateme chini, uani kwangu, majirani wakiwa usingizini.

"Si hapa," nilisema.

Sote watano tulishtuka, nami nikiwamo.

"Sheria inasema langoni," nikaendelea, nikiuangalia unga. "Wazee wakiwa wameketi langoni."

"Lango lipi?" Besodya alicheka. "Shemeji, lango liliungua kabla hujazaliwa. Pale kuna mawe na mbuzi wa Hogla."

"Mbuzi wangu usiwaingize," alisema Mama Hogla.

Mzee Malkiya alijikuna ndevu. Huyu ni mzee aliyezaliwa ugenini, mahali ambapo hakuwa na hekalu, wala shamba, wala mji. Alikuwa na sheria tu, na aliipenda kama mtu anavyompenda mwana wa pekee. "Mwanamke huyu anasema kweli," alisema polepole. "Pasipo lango hapana baraza. Itabidi tungoje."

"Hadi lini? Kuna nyumba za watu hazina paa. Lango atalijenga nani?"

"Mimi," nilisema.

Nilianza siku hiyohiyo. Mawe yaliyopigwa na moto yanadanganya: kwa nje mazima, ukiyabeba yanamomonyoka kama mkate wa juzi. Niliyagonga moja moja kwa jiwe la mkononi. Lililolia nililiweka kando, lililonyamaza nililitupa. Niliponda udongo na makapi kwa miguu, nikaubeba kwa shuka yangu. Mwanzoni watu walinitazama tu. Baadaye mwanamke mmoja alikuja na kikapu, kisha wanawe, kisha hata wale waliokuwa wakigombania mipaka ya viwanja wakajikuta wameshika boriti moja huku na huku.

Mzee Malkiya alianza kunitaja katika sala ya Sabato. "Mwangalieni binti huyu," aliwaambia vijana. "Mjane, hana mtoto, lakini uchungu wa Sayuni umemjaa hadi hawezi kulala."

Kweli sikulala. Uchungu tu ndio hakuujua.

Mama Hogla aliujua nusu. Alijua nataka kutema. "Lakini kutema kwenyewe unajua?" aliniuliza siku moja tukila zeituni kivulini mwa ukuta. "Mtu mwoga mate humkauka. Utasimama pale mbele za watu unatafunatafuna ulimi kama mbuzi. Hebu mtemee yule mjusi."

Nilijaribu. Mate yaliishia kidevuni.

"Mungu wangu," alisema. "Wakaldayo waliwafundisha nini huko miaka yote hiyo? Tia zabibu mbichi mdomoni. Haya, tena."

Nilimtemea mjusi kila siku. Mpaka nguzo za lango zinasimama, mjusi mwenyewe alikuwa amehama.

Mabenchi ya wazee niliyajenga kwa mikono yangu, sikumwachia mtu. La upande wa magharibi, ambalo lingekaliwa na Besodya, nililijenga fupi kuliko mengine, ili uso wake ulingane na mdomo wangu, na nililigeuza kidogo apigwe na jua la asubuhi. Nililipaka chokaa taratibu, nikalilainisha kwa kiganja, kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.

Jambo moja sikulitarajia. Besodya alianza kuja. Mara ya kwanza alileta maji. Mara ya pili alitia bega chini ya kizingiti kikubwa cha juu tulipokuwa tukikipandisha, na bila yeye kingetuangukia. Alinitazama nikifuta udongo usoni.

"Asaya angekuona hivi," alisema kwa upole, "angefurahi sana."

Mkononi nilikuwa na lile jiwe la kugongea. Nililiweka chini kwa uangalifu, mbali nami.

Siku ya lango ilipofika, Netofa yote ilikuja, waliorudi na waliobaki, na yule mwenye mizabibu wa ng'ambo ya bonde pia. Wazee waliketi. Besodya aliketi kwenye benchi fupi, jua likampiga, akafinya macho. Nilikuwa nimetia zabibu mbichi mdomoni. Mama Hogla, aliyekuwa mstari wa mbele, alijigusa shavu akanikonyeza.

Mzee Malkiya alimuuliza Besodya kama anakataa kuijenga nyumba ya ndugu yake. Nilichuchumaa. Nilishika kamba ya kulia, nikalifungua fundo langu mwenyewe. Lilifunguka kwa urahisi, kama lililokuwa likiningoja.

"Ngoja," alisema Besodya.

Mikono yangu ilisimama.

"Wazee wangu, nilikuwa nimekataa. Nilisema sina haja naye." Alimeza mate. "Lakini nimemwona akijenga. Sote tumemwona. Mwanamke aliyelisimamisha lango hili kutoka kwenye majivu atashindwaje kuisimamisha nyumba ya ndugu yangu? Nitamchukua. Mtoto wa kwanza aitwe Asaya mwana wa Asaya, na kiwanja kiwe chake."

Vigelegele vikapasuka. Wanaume wakapigana mabega. Mzee Malkiya alikuwa analia waziwazi, machozi yakishuka ndevuni, kwa sababu sheria aliyoipenda maisha yake yote ilikuwa imezaa tunda mbele ya macho yake. Mimi nilibaki nimechuchumaa, kisigino cha Besodya kiganjani mwangu. Lango langu lilikuwa limenigeuka. Anayekubali hatemewi mate.

Na sitasema sikutamani. Niliiona sura ya mtoto yule. Nilimwona akikimbia chini ya kizingiti kile, mtu akimwita Asaya, naye akigeuka. Jina lilikuwa limefufuliwa, nami nilikuwa nimenyooshewa, kilichobaki ni kuitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Halafu nikafikiri nani angekuwa akimwita. Angemwita kila jioni aje ale, kwa sauti ileile iliyotuambia amekufa, nimemfunika kwa mawe. Nami ningekuwa nikiipakulia chakula.

"Inuka, binti yangu," alisema Mzee Malkiya. "Umepata. Sema neno, watu wasikie."

Watu walisogea karibu. Walinijua kuwa mwenye haya, wakangoja kale kasauti kadogo kakubali.

Niliinuka, na kiatu kikainuka pamoja nami. Besodya alinyoosha mkono akipokee, akitabasamu, jua machoni. Uso wake ulikuwa sawasawa na mdomo wangu. Nilikuwa nimepima vizuri. Mdomo wangu haukuwa mkavu hata kidogo, na nilimtemea palepale, katikati ya macho, yale yote niliyokuwa nimeyaweka.

"Yekolia," alisema Mzee Malkiya, kama mtu aliyepigwa. "Amekubali. Hukusikia? Amekubali."

"Nimesikia, baba," nilisema. Sauti yangu ni ndogo, lakini lango lina mwangwi, na mwangwi huo niliujenga mimi, kwa hiyo hata waliokuwa nyuma kabisa walisikia. "Naomba mnisamehe mlioniombea. Mimi sikulijenga kwa ajili ya Sayuni. Nililijenga nipate mahali pa kumtemea mtu huyu mate, kila mtu akiona. Simtaki, wala mtoto wake simtaki. Hiki ni kiatu cha mume wangu, na fundo hili ni langu. Alimvua Asaya angali hai, akachukua na maji yake, akaja kutuambia amemzika, na Asaya alikufa jioni yake mikononi mwa wageni, miguu mitupu, akiliita jina langu."