Malaika Nyumbani kwa Doña Eufrasia

Katika kundi zima la vijana waliotoka kanisani kwao Nebraska kwenda kujitolea San Bartolo, kijiji cha milimani huko Meksiko, ni Noemi Zaldívar peke yake aliyekuwa na jina la Kimeksiko, na jina hilo ndilo lililomponza.

Hakuna aliyemuuliza kama anajua Kihispania. Walidhani tu. Mchungaji Kurt Lindgren, mlezi wa vijana, alimsimamisha mbele ya waumini Jumapili moja akasema, "Safari hii hatukodi mtu. Mungu ametupa mkalimani wetu wenyewe." Watu wakapiga makofi, naye Noemi akatabasamu. Mama yake, aliyeketi safu ya nyuma, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu mkobani. Alijua vizuri kwamba bintiye hana zaidi ya maneno ya jikoni: kula, nyamaza, njoo hapa, funga mlango. Yeye mwenyewe alichekwa sana shuleni kwa matamshi yake, akaapa kwamba wanawe hawatachekwa, na kiapo chake kilitimia kupita kiasi.

"Kamwambie Mchungaji ukweli," mama alimwambia wakiwa garini.

"Mama, tunakwenda kupaka rangi darasa na kucheza na watoto. Kuna nini cha kutafsiri hapo?"

"Ukishafika watu watasema nawe, mwanangu. Hawatakaa wakikutazama tu."

Noemi akaongeza sauti ya redio.

San Bartolo mambo yalianza vyema. Jioni ya kwanza alimwomba mpishi kisu, akaletewa kijiko, akawaambia wenzake kwamba kijijini hapo visu ni adimu. Wakamwamini, wakakata nyama kwa vijiko na meno. Rafiki yake Tessa alicheka hadi machozi. "Noemi, basi waulize ni pilipili ipi kati ya hizi isiyoua mtu." Naye akauliza kwa ishara na maneno mawili matatu, akarudi na jibu alilolitunga mwenyewe, na Tessa akala pilipili, akawa anahema kama mbwa aliyekimbizwa. Ilikuwa furaha. Kila uongo ulikuwa mdogo, na kila mmoja ulipita bila kudaiwa. Yaliyomshinda kusikia aliyajaza kwa kubahatisha, na kwa kuwa wanakijiji walikuwa watu wa adabu, hakuna aliyemuumbua.

Siku ya igizo ndiyo iliyomuumbua.

Vijana walikuwa wameandaa igizo la binti wa Yairo, yule msichana aliyefufuliwa. Walifunga spika mbili kubwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu karibu na kanisa, wakaweka ngoma na gitaa. Uwanja ule ulipakana na nyumba ya Doña Eufrasia, yaani Bibi Eufrasia, mwanamke mzee ambaye wiki nzima alikuwa akiwapitishia kahawa yenye mdalasini juu ya ukuta. Mlangoni pake siku hiyo palikuwa pamefungwa utepe mkubwa mweupe. Noemi aliuona, akafikiri kuna ubatizo au sherehe ya aina hiyo. Watu waliingia na kutoka na mashada ya maua, na mzee mmoja alikuwa amekaa kizingitini na fidla mapajani.

Walipoanza kujaribu spika, Doña Eufrasia akatoka. Alivuka uwanja polepole, shali begani, akaja moja kwa moja hadi kwa Noemi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema. Alisema maneno mengi, kwa sauti ya chini na ya haraka. Yalimfikia Noemi vipande vipande: tafadhali, na muziki, na kesho, na mtoto, kisha sentensi moja aliyoidaka nzima. Tunaye malaika nyumbani.

"Anasema nini?" Mchungaji Kurt aliuliza.

Hapo Noemi angeweza kusema sijasikia vizuri. Angeweza kumwomba mama yule aseme tena taratibu. Lakini kundi zima lilikuwa linamtazama, Tessa ameshajipaka unga usoni afanane na maiti, na watoto wameanza kukusanyika.

"Anatukaribisha," akasema. "Anasema sisi ni kama malaika nyumbani kwake."

Macho ya Mchungaji Kurt yakalengwalengwa na machozi. Akaweka mkono kifuani, akainama, kisha akamkumbatia mwanamke yule kwa nguvu. Doña Eufrasia alibaki amekumbatiwa, mikono ikining'inia, akimtazama Noemi juu ya bega la mwanamume yule. Alipoachiliwa alisema tena, safari hii taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemlisha mtoto. Noemi akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, ndiyo, asante.

"Na sasa?"

"Anarudia tu. Anashukuru."

Doña Eufrasia akageuka, akarudi kwake.

Basi wakapiga ngoma. Wakaimba nyimbo tatu za kuchangamsha watoto, kisha igizo likaanza. Tessa akalazwa juu ya meza, akafunikwa shuka. Noemi alikuwa msimulizi. Maneno yake alikuwa ameandikiwa na mwalimu wa Kihispania wa shuleni kwao, kwa hiyo alichosoma kwenye kipaza sauti kilikuwa sahihi, kila herufi mahali pake. "Mbona mnalia na kufanya makelele?" alisoma, na spika zikaipeleka sauti yake hadi mlimani ng'ambo. "Mtoto hajafa. Amelala tu."

Watoto hawakucheka pale walipotarajiwa kucheka. Akina mama waliosimama pembeni walitazamana, wakaanza kuwavuta watoto wao kwa mikono. Ngoma zikapigwa, Tessa akaruka juu akiwa hai, unga ukamwagika, na hakuna aliyepiga makofi isipokuwa wenyewe waigizaji.

Ndipo mwanamume mmoja akatoka ndani ya nyumba ya utepe mweupe. Alikuwa Abundio, mwana wa Doña Eufrasia. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na macho yake yalikuwa mekundu. Hakupiga kelele. Alikwenda hadi kwenye spika, akachomoa waya, akauweka chini kwa uangalifu, kisha akasema kwa Kiingereza, kwa kuwa alikuwa ameezeka mapaa miaka mingi huko Omaha:

"Mtoto wetu amefariki. Jana usiku, kwa homa. Tunamkesha mle ndani, na mpiga fidla wetu amekaa hawezi kupiga kwa sababu yenu."

Mchungaji Kurt akamsogelea. "Ndugu yangu. Hatukujua. Naapa hatukujua."

"Mama yangu alikuja kuwaambia. Alimwambia binti yenu huyu. Alimwambia mara mbili."

Wote wakamgeukia Noemi. Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo, na yake ilikuwa imefika ukutani. Ila yeye, badala ya kusimama, akaruka ukuta.

"Hakusema hivyo," akasema. "Labda alikusudia kusema, akasahau. Amechanganyikiwa kwa msiba."

Abundio alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama asiyemjua kabisa. "Mama yangu hajachanganyikiwa," alisema, akarudi ndani.

Mchungaji Kurt akamwekea Noemi mkono begani. "Usijilaumu. Huzuni huwavuruga wazee." Wengine wakaja kumfariji, na Tessa, uso ungali mweupe kwa unga, akamkumbatia. Faraja ile ndiyo iliyomuuma kuliko yote. Kila aliyempigapiga mgongoni alikuwa, bila kujua, anamwita yule mwanamke mwongo kwa niaba yake.

Walikusanya vyombo kimyakimya. Sasa fidla ilisikika, nyororo, ikipiga wimbo uliokaribia kuwa wa furaha.

Jua lilipokuwa linazama Noemi alitoka peke yake akaenda kwenye ile nyumba. Hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka hadi jikoni nyuma, ambako wanawake walikuwa wakitandaza tortilla, chapati za mahindi, juu ya bamba la moto, na walipomwona mazungumzo yakakatika. Doña Eufrasia alinyanyuka, akamsogezea kigoda, akampa kikombe cha kahawa. Noemi akakaa na kikombe chake asijue pa kutazama. Kupitia mlango aliona sanduku dogo jeupe juu ya meza, maua, mishumaa, na taji la karatasi kwenye kichwa kidogo.

"Sikuelewa," alisema. Maneno yake yalikuwa ya mtoto wa miaka mitatu na alijua hivyo. "Mimi sikuelewa. Mimi nikasema uongo. Leo, mara nyingi."

"Nilijua hujaelewa," mama yule alisema. Alikuwa akisema polepole sasa, akichagua maneno mafupi. "Nilikuona machoni. Nikajiambia, atauliza. Binti mwenye uso kama wa kwetu, atauliza. Kwa nini hukuniuliza? Ningerudia. Ningerudia mpaka jioni."

Noemi akainamia kikombe chake.

"Huku kwetu mtoto mdogo akifa tunasema ni malaika," Doña Eufrasia aliendelea. "Anaitwa Elías. Ni mjukuu wangu." Akaelekeza kidevu upande wa pili wa jiko, ambako msichana aliyemzidi Noemi miaka michache tu alikuwa ameketi akiutazama moto. "Na yule ni mama yake. Uliposema kwenye mashine yako kwamba mtoto hajafa, amelala, aliinuka. Alikwenda akamshika mkono."

Msichana yule hakugeuka. Noemi aliinuka ili amsogelee, na mmoja wa wanawake akatikisa kichwa, kidogo tu: hapana. Akakaa tena. Akanywa ile kahawa yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa kosa jingine, akasema asante, akaondoka. Hakuna aliyemwambia kwamba amesamehewa, naye hakuwa amekwenda na ujasiri wa kuliomba neno hilo.

Aliwakuta wenzake darasani wakila chakula cha jioni. Alisimama mlangoni akawaambia yote: kisu na kijiko, pilipili, malaika. Akasema Doña Eufrasia hakusahau neno hata moja, ni yeye asiyejua Kihispania, na hajawahi kukijua.

Tessa aliacha kutafuna. "Basi ile pilipili ulinilisha makusudi?" aliuliza, na hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Mchungaji Kurt alimchukua pembeni. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Hiyo inahitaji ujasiri, Noemi. Tukirudi nyumbani ningependa uwasimulie waumini. Itawagusa wengi. Ni ushuhuda mkubwa."

"Hapana, Mchungaji."

"Fikiria kwanza. Mungu anaweza kulitumia hata hili."

"Si langu la kusimulia," Noemi alisema. "Mtoto si wangu."

Mchungaji alimtazama kama aliyekatwa kauli, kisha akaitikia kwa kichwa. Haikujulikana kama ameelewa.

Asubuhi wakamzika Elías. Mchungaji Kurt alimwomba Abundio ruhusa wahudhurie, na Abundio akasema njia ya makaburini si ya mtu mmoja. Basi vijana wa Nebraska wakafuata nyuma kabisa, kofia mkononi. Mbele walitangulia watoto na maua, kisha lile sanduku jeupe begani mwa baba mtu, kisha mpiga fidla, kisha wanawake wakiimba. Mama wa mtoto alipita karibu sana na Noemi kwenye kona ya kanisa, bega kwa bega karibu kugusana, na hakumwona, au alimwona.

Wimbo wa wanawake ulikuwa mrefu, na kiitikio chake kilirudi tena na tena. Noemi alidaka neno kwaheri, na neno ua, na mengine yakampita kama maji.

"Wanaimba nini?" Mchungaji Kurt alimnong'oneza, kwa mazoea.

"Sijui," Noemi alisema.

Mchungaji akasubiri kidogo. Wakaendelea kupanda mlima.