Kufuli ya Nje

Simu ililia ndani, na kufuli ilikuwa nje.

Tulisimama uani kwenye ploti yetu ya Kapsoya, wanawake kumi na mmoja wa chama, vikombe mkononi, tukimwangalia Kiprono akipiga tena. Ndani ya nyumba ya Priscah mlio ukaanza upya. Pazia halikutikisika.

"Mama Brenda," Kiprono aliniambia, "wewe hakuna kitu kinakupita hapa. Mchumba wangu ameenda wapi?"

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Priscah alioka mikate kiwandani usiku kucha, na mchana wageni wangu hawakumwachia usingizi. Kila aliyekuja kwangu alimgongea pia, hata kama ni salamu tu. Basi tukapatana: asubuhi namfungia kwa nje, watu waone kufuli wapite, saa nane namfungulia. Nyumba iliyofungwa kwa nje ina utulivu ambao hakuna anayeuuliza swali.

"Unanizika, Mama Brenda," alizoea kusema kutoka ndani.

"Lala, maiti," nami namjibu, tunacheka.

Asubuhi ile ya Julai kulikuwa na manyunyu. Nilipobana kufuli niliona pale jiko lake hukaa, kando ya mlango, pamebaki duara kavu kwenye simiti. Nikajua ameliingiza ndani na makaa yake. Nilifungua mdomo nimwambie alitoe. Lakini Betty wa chama alikuwa ameshafika getini. "Kuja usikie ya Jelagat," akaita, nami nikaenda.

Ya Jelagat ilikuwa tamu. Saa nane ikapita nikiongeza majani kwa sufuria. Kitu kikaanguka upande wa pili wa ukuta, mara moja tu. Nilidhani anageuka kitandani.

"Kwani Priscah yuko?" Betty aliuliza.

"Si unaona kufuli?"

Sasa pale uani Kiprono hakungoja nimjibu mchumba wake ameenda wapi. Alipiga kufuli kwa jiwe mara tatu, na mara zote tatu mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo, haukutoka. Mlango ulipoachia, joto na hewa nzito ya makaa vilitupiga usoni. Priscah alikuwa amelala kifudifudi, hatua moja kutoka mlangoni, mkono ameunyoosha.

Tulipotoka kumzika, nyumba yangu ilijaa kuliko siku zote. Kila mtu alitaka kujua nani alimfungia.

"Ni huyo Kiprono," Betty alisema, akipuliza chai. "Kwani alijuaje yuko ndani?"

Wakanigeukia, maana hapa ploti neno la mwisho huwa langu.

Nikawaongezea chai. Miaka mitatu sasa Kiprono hajakanyaga Kapsoya, nami bado nawaongezea.