Mahindi Yaliyotangulia

Mahindi ya Gesare yalikuwa yamefika shubiri moja, na katika mashamba yote ya boma la bibi kizee Rispa, nje kidogo ya Awendo, hapakuwa na mmea mwingine uliochipua. Ilifaa afurahi. Lakini tangu siku aliyoyapanda, hakuna aliyemwitikia salamu.

Alikuwa Mkisii, ametoka Rongo, alikouza mitumba mpaka biashara ikamfia mkononi. Chama cha wakulima wapya kilimtafutia kipande cha ardhi kilichong'olewa miwa, kikamtafutia na majirani: wanawake wa boma hilo wangelima naye kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bila mikono yao asingemaliza palizi, na chama hakimwachii shamba mtu aliyeshindwa na magugu. Makori, mwalimu wa chama, alimfundisha nafasi ya mashimo, kiasi cha samadi, na kuwahi mvua. Gesare alishika yote. Mvua ya kwanza iliponyesha, akawahi.

Magugu nayo yakawahi. Alipalilia peke yake, mgongo ukimwaka moto, hadi siku Beverlyne, mke wa mtoto wa Rispa, alipopita na ndoo ya maji.

"Mwalimu wa mahindi!" Beverlyne alisema bila kusimama. "Umeshiba?"

"Dada, nimewakosea nini? Nitukane basi, nijue."

Beverlyne akatua ndoo. "Kwani kwenu Kisii mtu anapanda akiamka tu?"

"Mvua ikinyesha, ndiyo."

"Hapa mama wa boma ndiye anatangulia. Halafu sisi, mkubwa kwa mdogo. Mama alikuwa Homa Bay kwa binti yake, anatibiwa mguu. Tukamngoja. Sasa amerudi, na hawezi kupanda nyuma ya mgeni. Asipopanda yeye, hakuna anayepanda. Mvua inaisha tukikuangalia."

"Na hakuna aliyeniambia!"

"Nilidhani Makori amekuambia. Kumbe naye ni Mkisii kama wewe, angejulia wapi?" Beverlyne akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba hawasemeshani, akabeba ndoo yake.

Gesare alimkuta Rispa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Mama, nifanye nini?"

Bibi kizee akausugua mguu. "Mwanangu, sina ubaya na wewe. Lakini mahindi yako yakisimama, shamba langu litalala."

"Sina mbegu nyingine."

"Najua."

Basi. Hakumwamuru. Laiti angemwamuru, Gesare angepata wa kumkasirikia.

Asubuhi alianza kung'oa. Miche ilitoka bila kushindana, mizizi myeupe, udongo ukining'inia. Alidhani labda mmoja wao angekuja wang'oe pamoja. Wanawake walisimama milangoni mwao wakitazama, wala hawakuja. Alikwenda mstari kwa mstari, mpaka shamba likabaki kama alivyolikuta.

Ndipo Rispa akatoka, ameegemea bega la Beverlyne, akaingia shambani kwake na kudondosha punje za kwanza. Boma likafunguka. Majembe yakaanza kulia, na utani ukarushwa kwa Dholuo, lugha yao, kutoka shamba moja hadi jingine. Walicheka sana. Gesare hakuelewa hata neno moja.

Beverlyne akanyoosha mgongo. "Gesare! Usiguse jembe bado. Wewe ni wa mwisho."

"Mbegu sina, dada."

"Nimekuuliza mbegu? Ngoja zamu yako kwanza."

Hakusema mbegu zitatoka wapi. Gesare akaketi kando ya rundo la miche iliyokwisha kunyauka, hana mtu ubavuni, akasikiliza majembe yakihama kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Kila moja liliponyamaza, alijisogeza karibu kidogo na lake, asiliguse.