Kuchagua Pikapu Ukitazama Ukuta

Kwa fundi Gichuru, pale Ruiru, huchagui pikapu kwa macho. Watu huja wamekariri majina ya kampuni kutoka kwenye simu, naye hana subira na majina. Anakugeuza utazame ukuta, kisha anapiga magitaa yake ya kujaribia nyuma ya mgongo wako, kila moja na pikapu tofauti, zile sumaku za chini ya nyuzi zinazonasa sauti. Utakayoipenda ndiyo atakayokufungia.

Becky hakujua hayo. Angejua, angetafuta kisingizio wabaki Thika.

Mumewe, Mutisya, anapiga gitaa kanisani kwao Kamenu, na tangu Pasaka alikuwa analalamika kwamba gitaa limekufa, nyuzi nyembamba haziongei. Kabla ya gitaa ilikuwa televisheni. Kabla ya televisheni ilikuwa simu. Kila kitu nyumbani humo kilikuwa kibovu isipokuwa masikio ya Mutisya, yaliyokaa miaka mingi kando ya mashine za kiwandani, na kila alichokilaumu Becky aliitikia. "Ni kweli, Baba Dianah, hiyo simu imezeeka." Mtu akimsemesha mumewe kwa nyuma, yeye ndiye aliyejibu. Hayo aliyaita upendo. Ulikuwa woga mtupu. Gitaa ndilo lililomwamsha Mutisya Jumapili akiimba, na Becky hakutaka kuwa wa kumnyang'anya.

Lakini kilichomtafuna hasa ni Dianah. Mwezi uliopita Mutisya alimfokea binti yao mezani kwamba chuo kimemfunza kiburi, anamnong'oneza baba yake kama mtu asiyestahili jibu. Msichana hakuwa amenong'ona. Alimtazama mama yake amtetee, na Becky akasema, "Ongea na baba yako vizuri." Tangu siku hiyo Dianah akija nyumbani hula kimya, anaosha sahani yake, anaondoka.

"Mzee, angalia ukuta," Gichuru akasema.

Mutisya akageuka, akasimama wima kama mtoto anayepimwa kimo. Gichuru akapiga gitaa la kwanza, kwa sauti ya chini, maana kinyozi wa jirani ni mtu wa kugombana. Mutisya akasema limezama. La pili akasema afadhali kidogo.

"Hiyo ya pili ni gitaa yako mwenyewe, mzee," Gichuru akasema. "Haina shida yoyote."

Mutisya hakugeuka. Alikuwa anangoja la tatu.

Gichuru akamtazama Becky. Becky akamgusa mumewe mgongoni, akamwambia karibu na sikio, "Anasema sasa analeta ya tatu." Uongo ulitoka wenyewe, kwa mazoea, na aibu ikamwakia usoni mbele ya mtu baki.

"Mama," Gichuru akasema, bila ukali, "mimi naweza muuzia pikapu leo. Lakini atarudi tu."

Akachukua gitaa la tatu, akacheza kwenye uzi mwembamba kabisa, taratibu. Ilikuwa sauti safi. Becky aliisikia mpaka ikaisha. Gichuru akarudia.

Mutisya alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anasikiliza kwa bidii yake yote.

"Fundi, anza basi," akasema. "Mimi niko tayari."

Becky akajipenyeza kati ya mumewe na ukuta, akamshika mashavu mpaka akafumbua macho na kumtazama mdomo.

"Ameshapiga," akasema. "Amepiga mara mbili."

Mutisya akageuka polepole, akaliona gitaa mikononi mwa Gichuru, akaona Gichuru anavyoangalia sakafu. Akamgeukia tena mkewe. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama mtu anayepiga hesabu.

"Na wewe umejua tangu lini?"

Angeweza kusema juzi. Gichuru angenyamaza, na Mutisya angeamini, maana hajawahi kumshuku kwa lolote.

"Kabla ya ile siku ulimfokea Dianah," Becky akasema, na akalisema wazi, ili asilazimike kulirudia.