Siku ya Mizani Nkoma

Pikipiki ilikuwa imeshaipita hospitali ya Somanda, na mwalimu Winnie bado ananiita kutoka mlangoni kwake. Sikugeuka. Redio ilikuwa imetangaza asubuhi ile kwamba msimu wa pamba umefunguliwa, naye alitaka tupige simu kwanza tuhakikishe. Mimi kusubiri sikujua.

Nilikuwa nakwenda Nkoma kuonana na dada yangu Domitila. Miaka kumi na tisa sijamtia machoni, nazunguka tu, leo mgodini, kesho kwenye mashamba ya watu. Mwanawe Maduhu alikuwa anamhamishia Katavi pamoja na ng'ombe, na mtu wa umri wake akishahamia kule harudi. Nilipopanga chumba kwa Winnie, alinitafutia namba ya Maduhu tukaongea mara moja. Domitila akasema tukutane ghalani Nkoma, siku ya kufungua mizani. Auze maroba yake ya mwisho ya pamba, tuonane, aondoke.

Makubaliano ya namna hiyo yana jina. Nililipata ujanani, nikiwabebea mizigo wapima ramani huko Maswa. Mkubwa wao, Mwingereza, aliliita rendezvous, mdomoni linatoka rondevuu. Kila asubuhi alionyesha kilima au daraja, kwamba tukipotezana tutakutana pale. Na sharti lilikuwa moja: anayefika kwanza haondoki.

Nilidhani ni Kiingereza. Winnie akafungua kamusi, akanieleza kuwa Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa asili yake ni amri: jipelekeni. Kule hata ukipangiwa siku ya kung'olewa jino, neno ni hilo hilo. Waingereza wamelitenga kidogo, ni la wanajeshi, la wapenzi wanaojificha, la vyombo vinavyokutana huko angani. Nikamuuliza, na wazee wawili wa tumbo moja?

"Hao hawajaandikwa, guku," akasema, akiniita babu kwa Kisukuma. "Lakini hakuna anayewakataza."

Basi nikafika Nkoma. Ghala limefungwa, karani Jilala kakaa barazani anachokonoa meno kwa kijiti. Baada ya salamu ya mwangaluka nikamuuliza ilipo mizani. Akanitazama viatu, akajua nimetoka mbali.

"Redio haipimi pamba, mzee."

Akanieleza kwamba pale siku ya kufungua mizani ni siku mizani inapotundikwa na roba la kwanza kupimwa. Tangazo ni la watu wa mjini. Mizani ingeletwa kesho, au keshokutwa, au Jumamosi. Kila mkulima wa Nkoma alilijua hilo, na Domitila ni mkulima wa Nkoma. Niliposema nimfuate, Jilala akakataa. Walishabomoa mji wao, wako porini na ng'ombe upande wa Meatu, simu ya Maduhu haipatikani. Ningepishana naye tu.

Nikakaa. Siku ya kwanza nilihesabu mabati ya ghala. Siku ya pili watu walipita wakanisalimu, wakarudi wakanisalimu tena. Wenye pamba walikuwa makwao, wanaendelea na kazi. Pale barazani nilikuwa peke yangu.

Asubuhi ya tatu lori la kubebea ng'ombe likasimama, linakwenda Meatu. Nikajiambia Domitila ameshaondoka bila kuniaga, au yuko njiani nitamkuta. Nikapanda.

Meatu sikumkuta mtu. Niliporudi Nkoma siku ya nne, mizani ilikuwa inaning'inia na foleni imefika barabarani. Jilala akaweka kalamu chini. Mizani ililetwa jana yake saa sita, akasema, na Domitila alikuja na mkokoteni saa nane. Maroba yake yakapimwa, yeye akabaki kakaa juu ya gunia tupu mpaka jua likashuka na Maduhu akamwinua.

"Nilimwambia ulikaa siku mbili," akasema Jilala. "Akasema, 'Kwake yeye hizo ni nyingi.'"

Domitila alifika Katavi. Aliishi kule masika mawili, akafariki kwa presha, na Maduhu alinipigia baada ya maziko. Maduhu amebaki huko na ng'ombe wake. Jilala bado ni karani. Mwalimu Winnie alihamishiwa Busega. Mimi niko Ngulyati, nalinda mashine ya kukoboa mpunga.