Buti kwa Mkono Mmoja

Dada yangu akishasema, kasema. Alisimama mlangoni mwa jiko na upawa mkononi, mumewe akisikia, akaniambia: "Kaka, siku utakayofunga mabuti yako mwenyewe, yote mawili, mbele ya macho yangu, nenda unakotaka. Kabla ya hapo hutoki humu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kochi lao, ambalo kwa kukaliwa sana lilikwisha kushika umbo la mgongo wangu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umelala mapajani kama paka wa jirani. Kiharusi kiliniachia miguu, kikaniachia na mdomo, lakini mkono huo kilikwenda nao. Daktari alisema pengine utarudi. Watu wa pengine nimewangoja sana maishani, wengi hawakuja.

Mimi ni mtu wa barabara, tena si wa kuzipita tu. Nimebeba kokoto, nimechemsha lami, nimeshika bendera nyekundu kusimamisha magari. Lami ikifika mji fulani kambi inasogea mbele, na mimi nyuma yake. Dada ananiita Kiguu na Njia, wala hanisifu. Sasa kuna dereva wa lori, mtu niliyekula naye vumbi tangu hatujaota mvi, alikuja kunijulia hali akasema kambi mpya inatafuta mtunza stoo. Kazi yenyewe ni kukaa kitini, kutoa sepetu asubuhi na kuzipokea jioni.

"Mkono mmoja unatosha, mzee mwenzangu," alisema. "Ijumaa asubuhi napita na mzigo. Ila uje na mabuti. Stoo imejaa vyuma na misumari, msimamizi hampokei mtu wa ndala."

Basi nikaanza kupigana na mabuti.

Hapo kabla sikuwahi kufikiri kwamba kufunga kiatu ni kazi. Nilikuwa najua namna nyingi. Kwenye matope tulikuwa tunaacha matundu ya juu wazi, ili buti likizama mguu utoke. Kwenye miteremko tunazungusha kamba kifundoni, kisigino kisicheze. Kwa mtu mwenye kidonda juu ya mguu, kamba inaruka tundu lile, inapita pembeni kama ngazi iliyong'oka kipago. Yote hayo vidole vilikuwa vinayafanya huku mimi naongea. Sasa nilijaribu kupishanisha msalaba kwa mkono wa kulia, ncha ya pili nikiibana kwa meno. Nikafika juu, shingo imeshika, na fundo halikuwepo. Nikivuta huku, kule kunalegea.

Shemeji yangu ni fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho kiwanda chake. Alinitazama kwa juu ya miwani.

"Shemeji, unakifunga hicho kiatu au unakikaba?"

"Nakikaba."

"Naona kinakushinda nguvu."

Jumatano dada alikwenda sokoni. Shemeji akainuka, akasukuma mlango, akapiga magoti mbele yangu na tepu yake ya kupimia shingoni. "Lete mguu."

"Mkeo atatuua."

"Atakuua wewe, mimi ananihitaji." Huku anafunga. "Shemeji, sikufukuzi, Mungu shahidi. Lakini kwenye kochi hili ndipo wateja wangu walipokuwa wanakaa. Siku hizi wanasimama, na mteja aliyesimama hakawii kukumbuka kwamba ana haraka."

Sikukasirika. Mgeni siku ya kwanza, na mimi ile siku ya kwanza nilikwisha kuisahau.

Dada aliporudi nilikuwa nimenyoosha miguu yote miwili katikati ya chumba, nimevimba kwa fahari kama bwana harusi. Akatua kapu. Akachuchumaa, akaligusa fundo kwa kidole kimoja.

"Hili fundo si lako," akasema. "Linazungushwa mara mbili kabla ya kukazwa. Hivi ndivyo mume wangu anavyofunga marobota ya vitambaa. Kila robota linaloingia nyumba hii nalifungua mimi, na kucha zangu zinalijua."

Cherehani ikaanza kwenda kwa kasi.

"Baba, unashona nini? Mbona sioni kitambaa?"

"Naipasha moto," shemeji akajibu bila kuinua kichwa.

Nilicheka, lakini dada hakucheka. Alikaa palepale sakafuni, akaanza kunifungua buti la kwanza. "Na mvi zako zote hizo, kaka! Unadhani nimekufungia ndani kama mbuzi? Huko kambini nani atakupigia magoti? Utatembea kamba zinaburuta, utajikwaa kwenye vyuma, halafu nitapigiwa simu nije nichukue mzigo. Mimi nataka kujua kama unaweza. Ukiweza, nenda. Usipoweza, kaa, tule tulichonacho."

Nilichoka ghafla, uchovu wa kwenye mifupa, ule ambao hauishi kwa kulala.

Alhamisi nilishinda namwangalia shemeji akishona vifungo vya shati kwa mkono. Uzi wake ulikuwa na fundo upande mmoja tu, mwanzoni. Mwisho wake hakuufunga na kitu. Aliupitisha chini ya nyuzi alizokwisha kuzikaza, akavuta, basi. Nilimwangalia kifungo baada ya kifungo, hadi akaniuliza kama nataka kujifunza ufundi uzeeni.

Nikazichomoa kamba zote. Nikafunga fundo nene kwenye ncha moja ya kila kamba, kwa meno na vidole. Nikaichomeka kwenye tundu la chini kabisa, fundo likabaki ndani, na ile ncha nyingine nikaipandisha peke yake, huku na huku, tundu kwa tundu. Nikifika juu naisokomeza chini ya mikato ya kamba. Mara ya kwanza ilifyatuka. Nikarudia, ikafyatuka tena. Jasho lilinitoka kama nimebeba saruji. Ilipokubali, jua lilikuwa limeshahama dirishani, nami sikuwa na nguvu ya kumwita mtu aone.

Ijumaa dada alivuta kigoda akakaa mbele yangu na kikombe cha chai. Nikaliegemeza buti la kulia ukutani, nikaingiza mguu, nikaanza. Lilichukua muda, lakini lilishika. Dada akainama, akalivuta, halikuachia. Akanywa chai.

Nikiwa nusu ya la kushoto, honi ikalia nje. Mguu huo ni mzito kidogo, hausikii upesi, na kamba iliniteleza nikaanza upya. Honi ikalia tena. Mwishowe dereva akaingia mwenyewe, jasho usoni.

"Mzee, bado? Nina mzigo wa watu!" Akaona buti. "Ah, ndiyo hilo tu? Lete hapa." Akapiga goti, mikono yake miwili mizima ikaja kwenye kamba.

Nikauvuta mguu. Alishangaa. Nikamtazama dada. Angenyamaza tu, dereva angefunga, na mimi ningebaki, neno lake likiwa limetimia. Au dereva angechoka kungoja akaondoka. Vyovyote, angeshinda yeye.

Dada akaweka kikombe chini.

"Bwana, inuka hapo," akamwambia dereva. "Anafunga mwenyewe."

"Mama, nimechelewa—"

"Umechelewa, basi kaa uchelewe vizuri. Nakuletea chai." Akamsukumia kigoda chake, akaenda jikoni, akarudi na mkate. Chai yenyewe aliijaza hadi ukingoni, ya moto sana, mtu hawezi kuimaliza haraka.

Nilifunga. Dereva alipuliza chai, akatazama saa, akapuliza. Nikaisokomeza ncha ya mwisho. Dada akainama akavuta. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Lilikuwa limeshika.

"Haya," akasema, sauti yake imeshuka. Akachukua begi langu, akaliweka begani kwangu upande wa kulia, akanitengenezea kola.

"Huko kambini wanaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi wewe uamke saa kumi."

Nikamwambia nimesikia. Nikatoka, polepole, dereva mbele yangu akikimbia kuwasha lori.