Upande wa Kulia

Mimi nashona viti vya magari, na ukiniletea kiti kilichochakaa naweza kukwambia mwenyewe anakaaje. Huyu anaegemea mlango. Huyu anaweka pochi nene mfuko wa nyuma, kiuno kinamuuma na hajui kwa nini. Kuna dereva wa lori niliyemwambia hivyo, akacheka mpaka akashika meza yangu ya kukatia, akaniuliza kama napiga na ramli. Sikucheka naye. Siku hizo nilikuwa na uchovu ule wa kulala nao na kuamka nao, na mtu akinichekesha namwona ananiongezea kazi.

Nyumbani nilikuwa na mama. Alianguka, miguu ikapooza, na tangu hapo miguu yake ni mimi. Kumtoa kitandani, kumweka kwenye kiti cha magurudumu, kumrudisha, kumgeuza. Chumba ni kidogo. Kitanda tulikisukuma ukutani ili kiti kipate pa kupita, kwa hiyo anayemnyanyua ni mtu mmoja, kwa upande mmoja, bega la kulia likitangulia. Kaka yangu mkubwa anakaa mtaa wa pili tu. Alikuwa akija Jumapili na mfuko wa matunda, anaketi, ananimwagia sifa. "Wewe ndiye unayemweza mama," alikuwa akisema, na kila sifa ilinifunga kamba nyingine.

Mambo ya farasi yaliingia kupitia tandiko. Mwanamke mmoja mwenye mazizi nje ya mji, tunayemwita Komandoo kwa sababu hapazi sauti na bado anatiiwa, aliniletea tandiko lililofumuka. Nilipompelekea likiwa tayari, alilifunga juu ya farasi jike mmoja wa kijivu, akaniambia, "Panda, ujue ulichokishona."

Nikapanda. Kule juu hakuna aliyeniita. Hapakuwa na wa kugeuzwa, wala wa kuoshwa, wala wa kulishwa kwa kijiko. Nilizunguka uwanja mara moja nikalia, kimyakimya, na Komandoo akajifanya anahangaika na lango.

Basi nikawa nakwenda kila Jumamosi, jirani akinishikia zamu kwa mama. Jike yule tulimwita Bibi Harusi, maana hana haraka ya kufika popote. Komandoo alinifundisha kushika hatamu bila kumvuta mdomo, kuinuka na kuketi farasi anapokwenda mchakamchaka, na kila mara alinikumbusha jambo moja: "Kaa katikati." Nilikasirika. Nimekaa katikati, nilimwambia, unataka nikae wapi tena? Hakubishana. Baadaye akaniambia kuna mbio za masafa marefu, za wanaoanza, na kwamba Bibi Harusi anaziweza, iwapo mimi naziweza.

Mbio za masafa si za kasi. Mnakwenda siku nzima, vichakani na kwenye barabara za vumbi, na njiani kuna vituo ambapo daktari wa wanyama anampima farasi mapigo ya moyo, miguu na mgongo. Farasi akionekana ameelemewa, safari yenu imekwisha hapohapo, hata kama mpandaji ni mzima wa afya. Mpandaji hapimwi na mtu. Hilo halikunishangaza, nimelizoea.

Shida ni kwamba jirani alihama. Nikaenda kwa kaka.

"Farasi?" akasema. "Kwa umri wako huo? Ukivunjika kiuno nani atamwangalia mama?"

"Wewe."

Akakuna kidevu. "Sikia, mdogo wangu. Siku hiyo nitakaa naye, sawa. Ukimaliza hizo mbio, nitajua ni jambo la maana, Jumamosi zote nitakushikia. Usipomaliza, mchezo huo uachane nao. Tumeelewana?"

Nikakubali. Kubishana na kaka yangu kunataka mtu aliyelala usingizi.

Siku yenyewe tuliondoka jua likichomoza, Komandoo akinisindikiza na farasi wake. Mwanzo nilifurahi kama mtoto. Kituo cha kwanza tulipita vizuri, Bibi Harusi akapimwa, akanywa maji kwa madaha, akaruhusiwa. Baada ya hapo ndipo furaha ilipoanza kuniacha. Magoti yalichubuka kwa ndani. Vumbi lilinijaa kooni. Mapaja yalitetemeka mpaka nikawa siinuki tena, najirusha tu kama gunia, na nilikuwa nahesabu miti ya mbele yangu: nifike ule, basi, sasa ule mwingine. Nilichowaza ni Jumamosi zangu. Nilizitaka kwa uchoyo mkubwa. Sikutaka kushinda mtu, nilitaka asubuhi moja ya wiki ambayo ni yangu, na nilitaka kurudi nyumbani nimemaliza kitu, kwa sababu kazi ya kumwuguza mama haimaliziki.

"Kaa katikati," Komandoo akasema nyuma yangu.

"Niache," nikamwambia.

Kituo cha mwisho daktari alikuwa mama mmoja mwenye kofia pana na mikono ya taratibu. Akasikiliza moyo wa Bibi Harusi, akaridhika. Akaagiza atembezwe, akaitazama miguu, akaridhika. Kisha akapitisha vidole mgongoni, kushoto, kisha kulia. Kulia, mgongo ukabonyea, farasi akajivuta pembeni. Akarudia. Mgongo ukabonyea tena.

"Hapa panamuuma," daktari akasema. "Si sana. Kwa sheria naweza kuwaruhusu, na kipande kilichobaki ni kifupi. Lakini patamuuma zaidi. Wewe ndiye mpandaji, useme wewe."

Tandiko lilikuwa chini, na juu yake kitambaa kizito kinachokaa baina yake na mgongo. Nikakichukua, nikakigeuza kwenye mwanga kama ninavyogeuza kava la kiti. Mikono yangu inafanya hivyo hata nikiwa nimechoka kiasi cha kutojijua. Upande wa kushoto ulikuwa umelowa kidogo tu. Upande wa kulia ulikuwa mweusi kwa jasho, umegandamana, manyoya ya kijivu yamesuguliwa yakanasa kwenye nyuzi.

Huyu anaegemea kulia, nikasoma. Ana mzigo upande huo, na hata akiutua mwili wake bado unaubeba.

Nikajikalia chini kwenye nyasi. Aibu ilinishika, na baada ya aibu hasira. Viti vya mji mzima navisoma, changu hakijawahi kunijia mezani. Na Bibi Harusi alikuwa amenibeba kombo tangu alfajiri, akiumia, akitembea tu, na kila mtu njiani akimsifu kwamba anaweza. Sifa zile nilizijua vizuri mno.

Jumamosi zangu zote zilikuwa kwenye kile kipande kifupi. Nilikitazama, njia nyeupe inayoshuka hadi kwenye bendera ya mwisho wa mbio.

"Mrudisheni kwa gari," nikasema.

"Una hakika?" Komandoo akauliza.

"Sina. Ndiyo maana nasema umwondoe hapa upesi."

Kaka alinifungulia mlango jioni. Mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine kiunoni. Shati lilikuwa nje, na alikuwa na sura ambayo kwa muda mrefu nimeiona kwenye kioo changu tu.

"Umemaliza?"

"Hapana."

Nilimsubiri aseme. Alihema tu na kujiegemeza ukutani.

"Kiuno kinakuuma," nikamwambia. "Upande wa kulia."

"Umejuaje?"

"Njoo tukivute kitanda."

"Kitanda? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi huku, wewe huku."

Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani. "Mnahama?" akauliza. "Mniambie basi, nami nifungashe."

Tulivuta. Nyuma ya kitanda kulikuwa na vumbi la kutosha kupandia mchicha, na kitana cha mama alichomsingizia jirani kukiiba mpaka siku anahama. Hakuna aliyelitaja hilo, hata mama mwenyewe. Kiti cha magurudumu sasa hakikuwa na pa kupita. Kaka akauondoa mlango wa kabati na kusukuma meza ukumbini, akilalamika, na pakapatikana.

Nikamwonyesha pa kuweka mikono. Yeye upande wa ukutani, mimi wangu. Tukamtoa mama kwenye kiti, tukamnyanyua, na akainuka sawasawa, bila kuning'inia kwangu, bila kukunja uso. Tulipomlaza alitutazama, mmoja huku na mwingine kule.

"Kumbe naweza kunyanyuliwa bila kuumia," akasema. Alisema polepole, na nikajua kwamba siku zote alikuwa akiumia na kuninyamazia.

Kaka alisikia. Alisimama pale katikati ya ukuta na kitanda, mahali ambapo hapakuwahi kusimama mtu, akishika kiuno chake na kutazama sakafu. Kisha akaniuliza kesho asubuhi aje saa ngapi.